Neno Lililomnyamazisha Mtoto

Mtoto wa Nasambu alinyamaza kwa mara ya kwanza akiwa na siku kumi na saba, saa tisa mchana, na neno lililomnyamazisha si neno ambalo mzazi angemwimbia mwanawe.

Kabla ya hapo alikuwa analia tu. Alinyonya matone mawili matatu, akaliachia titi, akalia. Alibebwa mgongoni, akalia. Nesi wa kliniki alimgeuzageuza, akamsikiliza kifua, akasema mtoto ni mzima, mama anywe uji mwingi. Nasambu akanywa uji mpaka akauchukia, na mtoto akazidi kukonda. Alipozaliwa alikuwa na mashavu. Wiki ya tatu alikuwa na macho tu.

Nasambu alikuwa mtu wa Bungoma, ameolewa Seme, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Kombewa, katika boma linaloteremka taratibu kuelekea ziwani. Mumewe, Ooko, alifundisha hesabu katika shule ya upili ya hapo karibu. Alikuwa mwanamume mpole, wa maneno machache, aliyeamini kwamba kila swali lina jibu la mstari mmoja. Lakini mwenye boma hasa alikuwa mama yake, Beldina, mjane wa miaka sabini na miwili ambaye bado alipanda mwenyewe juu ya banda la kuku kugongelea bati. Beldina alimpenda mkaza mwanawe kwa namna yake. Alimwita Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na hakumruhusu kupika ugali kwa sababu, alisema, ugali wa Bungoma unaleta usingizi.

Sasa, kwa watu wa Ooko, mtoto mchanga akilia bila sababu husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Mwanamke mzee humpakata, akawaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, polepole. Jina litakalomnyamazisha, kisha akakubali titi, ndilo lake. Hata kwao Nasambu kulikuwa na jambo kama hilo, kwa hiyo hakuliona la ajabu. Kila siku saa tisa, jua likiwa kali na upepo wa ziwa umelala, Beldina aliketi barazani na mjukuu mapajani, akaanza.

"Apondi, ni wewe?" Mtoto analia. "Miluo?" Analia. "Abich, mama ya mume wangu, ni wewe umekuja?" Analia zaidi.

Siku hiyo ya kumi na saba Nasambu alikuwa sebuleni, mlango wazi, akifanya kazi. Alikuwa mfasiri. Shirika moja la afya mjini Kisumu lilikuwa limempa kijitabu cha kuwafundishia wahudumu wa kujitolea: maneno ambayo watu huwaita wagonjwa wa akili, jinsi yanavyoumiza, na maneno ya kutumia badala yake. Jedwali lake lilikuwa na safu tatu: neno, uchungu wake, na badala yake. Na tangu alipokuwa mwanafunzi Maseno alikuwa na mazoea ambayo wenzake walimcheka. Hakuliandika neno lolote kabla ya kulisoma kwa sauti, alisikie linavyotua.

Basi humo ndani akawa anasoma. "Mwendawazimu." Hilo ni la redio na la polisi, limevaa suti, lakini ukishaitwa hivyo hakuna atakayeuliza tena maoni yako. "Kichaa." Hilo la sokoni, nyuma yake kuna watoto wenye mawe. "Chizi." La vijana, hata mpenzi huitwa chizi, na bado kuna mtu linamliza. "Punguani." La mwalimu mwenye kiboko. "Amerukwa na akili," kana kwamba akili ni kuku aliyeachiwa mlango wazi. "Waya zimegusana," na watu hucheka, na anayesemwa huwaona wakicheka. Halafu akafika kwenye lugha ya hapo alipoolewa, kwenye neno ambalo kila mtu wa ziwani analijua tangu utotoni, la kumtaja mtu mwenye wazimu.

"Janeko."

Barazani mtoto akanyamaza.

Kilio kilikatika katikati ya pumzi. Nasambu alitoka mbio akidhani mwanawe amekabwa, akamkuta macho wazi, uso ameugeuzia stoo iliyo nyuma ya jiko, anasikiliza. Akampa titi. Mtoto akanyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamtoka puani, na Nasambu akalia kwa furaha, maana kwa siku kadhaa alikuwa ameanza kuwaza habari za sanduku dogo.

Beldina hakufurahi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umesema nini huko ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nasoma kazi yangu, Mama. Ni neno tu."

"Usiseme hiyo neno kwa hii boma. Umenisikia, Nyar Bungoma? Hata kama ni kazi. Usirudie."

Nasambu alitaka kuuliza kwa nini, lakini kabla hajafungua mdomo, mlio mmoja mzito ukatoka stooni, mlio wa mchi ukigonga kinu. Dum. Stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Beldina.

Jioni mtoto akaanza tena kulia, na kesho yake akalia, na kesho kutwa. Beldina aliita majina yote aliyoyajua, akapekua mpaka ya shangazi wa mashemeji, wapi. Siku ya tatu Nasambu alipitisha kidole kwenye mbavu za mwanawe akazihesabu zote. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto na kumnong'oneza neno lile alilokatazwa. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Mtu wa kumlaumu na amlaumu. Mtoto alikuwa anaisha mikononi mwake na hiyo ndiyo dawa pekee iliyokuwepo.

Akafanya hivyo mara nne kwa siku, kisha sita. Mashavu yakarudi. Beldina akasema Mungu amejibu maombi, na Nasambu akaitikia amina huku macho yake yakiwa chini, akiona aibu kama mwizi.

Lakini kila aliponong'ona, mchi uligonga mara moja. Mwanzoni ulikuwa stooni. Wiki ilipokwisha ulikuwa uwanjani nyuma ya jiko, mahali ambapo hapakuwa na kinu. Wiki ya pili ulikuwa chini ya dirisha la chumba chake, na ukuta ukatetemeka kidogo, na pamoja na mlio ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha na majivu yaliyomwagiwa maji. Haya yote mchana kweupe, kuku wakiparua uwanjani na redio ya jirani ikitangaza matokeo ya mpira.

"Unasikia hiyo?" alimwuliza Ooko Jumamosi moja.

"Nini?"

"Kuna mtu anatwanga."

Ooko akatega sikio kwa heshima, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekosea. "Labda ni majirani. Umechoka, mama ya mtoto. Lala kidogo."

Umechoka. Nasambu alilipima neno hilo kama alivyopima mengine yote. Lilikuwa laini na lilitoka kwa mtu aliyempenda. Lakini kwa kazi yake alijua safari ya maneno hayo. Huanza na umechoka, likafuata amechanganyikiwa, halafu watu huacha kusema nawe na kuanza kukusema. Mwisho huja neno la kufungia mlango.

Siku iliyofuata Beldina alipokwenda kuoga, akauacha ufunguo juu ya jiwe nje ya bafu, Nasambu aliuchukua. Stoo ilikuwa na magunia ya mahindi, majembe, baiskeli ya marehemu Mzee Oluoch, baba yake Ooko. Kwenye kona kulikuwa na nguzo ya mti wa zamani kuliko kuta zenyewe, na chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, nguzo ilikuwa imelika pande zote, laini, kwa kusuguliwa na kamba miaka mingi. Kando yake kulikuwa na kinu. Nasambu alikiinamia. Ndani hamkuwa na chenga wala vumbi. Mlikuwa na maziwa, vijiko viwili hivi, meupe, membamba, yenye joto, na titi lake mwenyewe likauma lilipoyaona, kwa sababu alijua si ya ng'ombe.

Akarudisha ufunguo kabla Beldina hajatoka bafuni. Baadaye, akipita karibu na lango ambapo simu hushika mtandao, alimsikia Beldina akiongea kwa simu na Sheila, dada yake Ooko aliyekaa mjini Kisumu.

"Huyu msichana kichwa yake inaanza kuharibika," alikuwa akisema. "Anaongea pekee yake na mtoto kwa chumba. Anasikia vitu. Mimi nilishaona hii kitu ikianza, Sheila, najua vile inaanza. Tutachukua mtoto mapema, kabla hajamuumiza."

Nasambu alisimama pale mpaka jua likamchoma utosi. Basi ndivyo ilivyokuwa. Akiacha kulitamka lile neno, mtoto atakufa njaa. Akiendelea kulitamka, kile kinachotembea kitafika mlangoni. Na akimwambia mtu yeyote ukweli, atanyang'anywa mtoto na kuitwa kwa neno lile lile.

Alijaribu kuacha. Alijikaza siku nzima, na mtoto akalia siku nzima, na ilipofika saa tisa ya siku ya pili kilio kilikuwa kimekuwa chembamba kama cha paka. Akashindwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanong'ona. Mchi haukugonga. Mtoto akanyonya, na chumba kikawa kimya, kimya cha kupendeza, na Nasambu akafumba macho kwa uchovu, mkono wa kushoto ukiwa chini ya mgongo wa mtoto na wa kulia ukifukuza inzi, na ilimchukua muda kutambua kwamba kichwa cha mwanawe, ambacho shingo yake ilikuwa haijakaza, hakikuwa kinaning'inia, kwamba kilikuwa kimeshikwa sawasawa kama mzazi anavyokishika, na kwamba harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa sasa inatoka kando ya shavu lake, karibu sana, kwa pumzi zinazokuja na kwenda, na alipofumbua macho na kutazama chini ya nywele laini za mtoto aliona vidole vinne vyembamba, vyenye majivu kwenye kucha, ambavyo havikuwa vyake.

Alitoka nje akipiga mayowe, mtoto kifuani. Beldina alikuwa uwanjani akipukuchua mahindi.

"Kuna mtu! Mama, kuna mtu ananishikia mtoto!"

"Lete mtoto."

"Nimeona mkono! Uko ndani, nenda uone!"

"Lete mtoto hapa!" Beldina alikuwa ameshamshika mtoto miguu, na mahindi yametapakaa. "Mimi nilijua. Nilimwambia Sheila. Wewe Nyar Bungoma, umekuwa janeko!"

"Eee," sauti ikaitika.

Ilitoka chumbani, ambamo hamkuwa na mtu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, iliyochoka, sauti ya mtu aliyeitwa akiwa kazini na sasa anaweka kazi chini ili aje. Nasambu aliisikia na Beldina akaisikia. Mama mkwe akaachia miguu ya mtoto, akaketi chini kwenye mahindi, na mkojo ukamtoka.

"Ni nani huyo, Mama?"

Beldina alitikisa kichwa, akatikisa tena, akaanza kuokota punje za mahindi moja moja.

Kesho yake aliitwa Dalmas, mzee wa kanisa lao, mtu wa kanzu nyeupe, msalaba mwekundu mgongoni na kengele mkononi. Alikuwa ametoa pepo Kombewa nzima na sehemu za Maseno, na hakuwa mwongo wala mlafi; hata nauli alikataa. Alisikiliza habari yote kutoka kwa Nasambu huku Ooko ameinamisha kichwa kwa haya. Kisha akasema hiyo ni jachien, roho ya mtu aliyekufa na kinyongo, na kwamba ataitoa kwa jina la Bwana kabla chai haijapoa.

Saa tisa wakaketi sebuleni wote wanne, mtoto akilia mikononi mwa mama yake. Beldina alikuwa pembeni, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Dalmas akapiga kengele.

"Wewe roho ya neko, ya wazimu!" akanguruma. "Wewe jachien janeko, toka!"

Mtoto akanyamaza. Mchi ukagonga stooni. Dum.

"Mnasikia? Inaogopa!" Dalmas akafurahi. "Janeko, toka kwa hii boma!"

Dum. Sasa ilikuwa nyuma ya jiko, na kuku wakatawanyika wakilia.

"Janeko, nakuamuru!"

Dum, barazani, na kikombe cha chai kikaruka kwenye sahani, na Ooko, mtu wa jibu la mstari mmoja, akasimama akaketi akasimama tena, na Dalmas akapandisha sauti na kengele kwa pamoja, akitamka lile neno mara ya nne na ya tano na ya sita bila kuvuta pumzi, na kila alipolitamka pazia la mlangoni lilisogea kwa ndani kidogo zaidi, kama linavyosukumwa na mtu mwenye mzigo mikononi, na ile harufu ikawa imejaa kinywani mwa kila mmoja wao, na Nasambu akatazama uso wa mwanawe akaona mtoto anatabasamu, hatabasamu kwake, anatabasamu kwa mahali patupu mbele ya pazia, na anainua mikono kama mtoto anayetaka kuchukuliwa.

"Nyamaza!" Nasambu alipiga kelele. "Baba Dalmas, nyamaza, unamwita!"

Kengele ikasimama.

"Nakemea—"

"Humkemei, Baba, unamwita. Kila ukisema, anakuja. Hilo ndilo jina lake." Akamgeukia mama mkwe. "Mama. Hakuna mtu anayezaliwa na jina kama hilo. Kabla ya hapo aliitwa nani?"

Beldina akavuta leso zaidi.

"Mama, anamchukua mtoto wangu. Mtazame! Aliitwa nani?"

Mtoto alikuwa amepoa. Miguu yake ilikuwa baridi mikononi mwa Nasambu, na bado anatabasamu. Ooko alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali," alisema. "Sema."

"Alikuwa dada yangu," Beldina akasema.

Ooko hakuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa na dada.

"Tumbo moja. Yeye ndiye aliolewa na Mzee Oluoch kwanza, kabla yangu. Akazaa, nikaletwa nimsaidie kubeba mtoto, vile ilikuwa desturi. Mtoto akakufa wiki ya tatu. Basi dada yangu akakataa kunyamaza. Maziwa ikakuja na hakuna wa kunyonya, akawa anakamulia kwa kinu. Anatwanga kinu tupu. Anafunga mchi na leso anabeba." Alijifuta pua. "Alikuwa analilia tu mtoto wake. Mimi nilikuwa najua. Kulia tu. Lakini Mzee Oluoch akaniuliza, dada yako ana nini? Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumba ilikuwa nzuri, ya bati, nikataka iwe yangu. Nikamwambia, amekuwa... Nikamwambia hiyo neno. Mimi ndiyo nilisema ya kwanza."

Ooko akaketi sakafuni.

"Baada ya hapo kila mtu akasema. Wakamfunga kwa ile nguzo. Miaka kumi na moja, hakuna mtu alimwita na jina yake, hata mimi nikimpelekea chakula. Mwishowe hata ungemwita jina yake hangegeuka. Ukimwita ile ingine, anaitika. Eee, anasema, vizuri tu. Akakufa hapo. Tukamzika nje ya ua, na hakuna mtoto amewahi kupewa jina yake, kwa sababu mimi ndiyo huwa naita majina, na yeye sijawahi kumwita."

"Mwite sasa," Nasambu alisema.

Beldina akaitoa leso kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akatambaa kwa magoti mpaka mbele ya pazia na kwa muda mrefu midomo yake ilicheza bila sauti, maana jina lilikuwa limekaa ndani miaka hamsini na tano na lilikuwa halitaki kutoka.

"Akello," akasema. "Akello, nyamera. Dada yangu."

Pazia lilitulia. Hakuna aliyeitika.

"Akello. Ni mimi Beldina. Haukuwa vile nilisema. Ulikuwa unalilia mtoto wako tu. Nimedanganya. Akello, nisamehe."

Alimwita mara ya tatu, akilia sasa kama msichana wa miaka kumi na saba. Nje kitu kizito kikaanguka barazani na kugaagaa. Harufu ikakatika. Mtoto akakunja uso, akalia, na kilikuwa kilio cha kawaida cha njaa, kikali, chenye hasira, na Nasambu alipompa titi akalikamata mwenyewe bila kunong'onezwa. Dalmas alivuta pazia. Barazani kulikuwa na mchi, umefungwa kwa leso iliyochakaa mpaka rangi zake hazijulikani.

Walimpelekea Akello jina lake siku hiyo hiyo. Ooko alifyeka majani nje ya ua mpaka wakaliona kaburi, wakaweka mawe, Dalmas akaomba, na safari hii akaomba kwa sauti ndogo. Jumapili mtoto akabarikiwa kanisani: Akello. Beldina alisukuma chapati kwa mikono yake na kucheka na wageni.

Nasambu alimaliza kijitabu chake. Kwenye safu ya tatu, mkabala na neno lile, aliandika: mtu anayeugua, mwite kwa jina lake. Kisha akawaketisha watu wa nyumbani, akawaomba jambo moja tu, kwamba neno lile lisitamkwe tena katika boma hili, hata kwa mzaha, hata kwa kumkemea mbuzi. Wote wakakubali. Beldina alikubali kwa kuapa.

Zikapita wiki tano za amani. Mtoto alinona mpaka mikono ikaota mikunjo.

Halafu Beldina akaanza kusahau. Aliita kuku kwa majina ya watu. Aliweka chumvi kwenye chai, akainywa. Alimwuliza Ooko mara mbili kama Mzee Oluoch amerudi kutoka sokoni. Labda ni uzee. Wengi hufika huko bila kuwa na dada stooni. Nasambu alijiambia hivyo. Lakini Jumatatu moja alfajiri walikuta kitanda cha mama kitupu na kufuli ya stoo imefunguliwa. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ile nguzo, miguu ameinyoosha. Mapajani alipakata mchi uliofungwa kwa leso, na kwa mkono mmoja alikuwa akiupigapiga taratibu, ulale.

"Mama," Ooko aliita. Hakugeuka.

"Mama Beldina," Nasambu aliita. Hakugeuka.

Ooko alikuwa analia waziwazi. Nasambu alimshika bega. "Mpigie Sheila aje na gari, tumpeleke hospitali. Mwambie mama ni mgonjwa. Sema hivyo tu, Ooko. Mgonjwa."

"Sawa."

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe karibu na lango, hatua thelathini kutoka stooni. Ooko akaenda. Nasambu akabaki amechuchumaa kando ya mama mkwe na bakuli la uji, akimlisha kijiko kimoja kimoja. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, analia. Alikuwa amelia tangu alfajiri, na Nasambu hakuwa amepata nafasi ya kumnyonyesha.

"Mama, kunywa kidogo. Mimi ni Nasambu."

Kutoka langoni alisikia sauti ya mumewe. "Sheila, mama ni mgonjwa. Kuja na gari." Kimya. "Hapana, si malaria." Kimya. "Si presha pia. Ni mgonjwa tu, Sheila, kuja." Kimya kirefu, na Nasambu, kijiko mkononi, akawaza jinsi Sheila anavyosisitiza huko kwenye simu kama anavyosisitiza kila kitu, anataka kujua anaugua nini, daktari atauliza, mwenye gari atauliza, aseme basi ni nini. Ooko akatafuta. Mtu mzima, mwalimu, akatafuta neno hewani na hakulipata, na Nasambu akajua kabla hajasikia, akaangusha bakuli, akainuka kukimbilia mlangoni.

"Ooko, usi—"

"Sheila, sikia basi," Ooko alisema kwa sauti iliyoshindwa. "Mama amekuwa janeko."

"Eee," Beldina akaitika, akainua uso.

"Eee," akaitika mwingine, nyuma ya nguzo.

Na mgongoni mwa Nasambu mtoto akanyamaza.